Niliuza makaa Isiolo, na sitakwambia uache kuyanunua

Kama unaishi Isiolo, jaribu hivi kesho. Amka saa kumi na mbili kasoro, toka nje, angalia upande wa kusini. Kama hakuna mawingu utauona Mlima Kenya wote, mpaka ile theluji kidogo iliyobaki juu. Sasa subiri. Ikigonga saa moja, angalia tena, ila safari hii usiangalie mlimani. Angalia juu ya mabati ya Bulla Pesa. Utaona kama shuka la kijivu limetandazwa pale, jembamba, limetulia kwa sababu upepo bado haujaamka.

Kuna watu huliita ukungu. Isiolo na ukungu wapi na wapi? Huo ni moshi, bana.

Ni chai ya maelfu ya watu inayochemka kwa wakati mmoja. Ni mama wa mahamri na karai lake, ni lori la Moyale lililowashwa tangu saa kumi usiku, ni takataka za jana zinazochomwa nyuma ya ploti. Ukijua kulisoma shuka lile, litakuambia hali ya uchumi wetu kuliko hotuba yoyote ya bajeti. Leo nataka tulisome pamoja. Lakini kwanza nikiri kitu.

Mimi pia nimeutengeneza

Chuo niliacha muhula wa tatu. Si stori ya ajabu, unaijua tayari: karo ilikataa. Karo yangu ilikuwa na miguu minne. Baba aliuza mbuzi nikalipa, akauza ng'ombe nikalipa. Halafu ukaja ule ukame uliomaliza watu, misimu mitano ya mvua ikafeli mfululizo tangu mwisho wa 2020. Nchi hii ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2.5. Wetu walikuwa wachache sana katika hesabu hiyo, lakini walikuwa wetu wote.

Mwaka 2022 nikarudi nyumbani na begi moja na simu ya kioo kilichopasuka. Binamu yangu alikuwa na pikipiki. Tukawa tunatoka alfajiri, tunafuata barabara ya Garba Tula, tunanunua magunia ya makaa kando ya njia, tunafunga mawili au matatu nyuma, tunaleta tauni. Hatukuwa na kibali wala karatasi yoyote. Mchana nikipimia wateja kwa mkebe. Nilikula, nikavaa, nikamtumia mama kitu.

Mwaka huohuo mtoto wa dada yangu, wa miaka mitatu, alianza kukoroma kifua usiku. Unajua ile sauti, kama mtu anayepuliza filimbi iliyoziba. Tukampeleka hospitali. Swali la kwanza tuliloulizwa halikuhusu vumbi wala baridi. Tuliulizwa, "Nyumbani mnapika na nini?" Dada akanigeukia. Sikuwa na la kusema. Makaa aliyokuwa akipikia nilikuwa nampa mimi, bure, nikijiona ndugu mwema. Na dawa tulizoandikiwa siku hiyo nililipa kwa pesa ya makaa.

Nakuambia haya ili usifikiri nakuandikia kutoka ofisi yenye kiyoyozi. Sitakuja hapa kukuambia makaa ni mabaya, acha, kwaheri. Nimekaa upande wa pili wa mkebe. Nilichojifunza huko ni kwamba moshi wetu una tabia ambayo watu wengi wanaotuhubiria hawaijui.

Moshi wa kupata na moshi wa kukosa

Shuleni tulifundishwa njia moja tu: uchumi ukikua, hewa inachafuka. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari.

Kila kazi inataka nishati. Kusafirisha ng'ombe, kusaga mahindi, kuchomelea mlango, kupoza maziwa ya ngamia yasiharibike kabla ya kufika Eastleigh, yote hayo yanataka nguvu kutoka mahali. Na mara nyingi hiyo nguvu inapatikana kwa kuchoma kitu: dizeli, petroli, kuni, makaa. Kwa hivyo shughuli zikiongezeka, vinavyochomwa vinaongezeka.

Sisi tumeliona kwa macho. Wazee watakuambia safari ya Moyale kabla ya lami ilivyokuwa: siku mbili, tatu, wakati mwingine na msafara wa askari. Leo ni lami mpaka mpakani, karibu kilomita 500, na mtu anakula kiamsha kinywa Isiolo na chajio Moyale. Barabara imeleta malori ya Ethiopia, hoteli, vituo vya mafuta, karakana, bodaboda kila kona. Imeleta kazi. Imeleta pia moshi wa injini ambao haukuwepo. Huo nauita moshi wa kupata.

Ukitaka kuona jinsi pesa na hewa zinavyofungana, kumbuka Corona. Kisa cha kwanza Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Kabla mwezi kuisha kukawa na kafyu, na Aprili hakuna kuingia Nairobi wala kutoka. Magari yakapungua. Ghafla watu wa Nairobi wakawa wanaweka mitandaoni picha za Mlima Kenya ukionekana nyuma ya maghorofa ya jiji, na wengine wakabishana kama picha ni za kweli, maana hawakuwahi kufikiri unaweza kuonekana kutoka huko. China, Italia, India, kila mahali setilaiti zilionyesha kitu kilekile: viwanda na magari yakisimama, hewa inasafika.

Sasa, ilisafika kwa bei gani? Wewe unakumbuka. Masoko ya mifugo yalifungwa. Watu walilala njaa. Hewa safi ya mtu aliyefutwa kazi si kitu cha kusherehekea.

Na hapa ndipo ile nusu nyingine ya habari inapoingia. Mwaka 2022 Isiolo haikuwa na uchumi unaokua. Mifugo ilikuwa inakufa, biashara imelala, bei ya unga imepanda. Kwa hesabu ya darasani, hewa yetu ilipaswa kuwa safi kama maji ya chupa. Wapi! Ndiyo mwaka niliouza makaa mengi zaidi. Nilikuwa na wateja wapya kila wiki, na wauzaji wapya pia. Kando ya barabara nilikutana na wazee waliokuwa na mifugo yao miaka miwili nyuma, sasa wamekaa juu ya gunia wakisubiri pikipiki. Mtu akipoteza ng'ombe, mti ndio benki iliyobaki. Na mtu wa tauni akipoteza kazi, mtungi wa gesi unalala tupu kwenye kona na jiko la makaa linarudi mlangoni.

Huo ndio moshi wa kukosa. Hautokani na kiwanda, na hauna bomba refu la kupigwa picha. Kwa hivyo kwetu moshi unapanda tukipata, na tukikosa unapanda tena. Anayekuambia uchague kati ya pesa na hewa anakudanganya, maana wengi wetu hatuna hata moja.

Hesabu ya mkebe

Tuseme ukweli kuhusu bei. Mtaani kwetu mkebe wa makaa ni shilingi 100, na mvua ikinyesha unapanda. Familia ya watu wanne inamaliza kama mkebe mmoja kwa siku. Piga hesabu: 3,000 kwa mwezi. Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6, mara ya mwisho nilipoujaza nililipa 1,350, na kwa nyumba ya watu wanne unakaa wiki tatu hivi kama hupiki maharagwe kila siku. Hata ukijaza mara mbili kwa mwezi, bado uko chini ya 3,000.

Kwa hivyo anayepika na makaa analipa zaidi. Kwa nini asihamie gesi? Si ujinga. Nakuambia kama mtu aliyeshika daftari la madeni. Yule mama ana 100 leo. Hana 1,350 leo, sembuse zile elfu kadhaa za kununua mtungi wenyewe na kichwa chake mara ya kwanza. Na saa tatu usiku, watoto wakilia, mimi ningempimia mkebe nikaandika "kesho". Duka la gesi haliandiki "kesho".

Ukimsikia mtu anasema maskini hawapendi mazingira, muulize kama duka lake linakopesha.

Na serikali? Imekuwa kama dereva mgeni, anakanyaga mafuta na breki pamoja. Mwaka 2016 iliondoa ushuru wa VAT kwenye gesi ya kupikia. Watu wakaanza kuhama. Katika sensa ya 2019, nyumba karibu 24 katika kila 100 nchini zilikuwa zinapika hasa na gesi, ingawa 55 zilikuwa bado kwenye kuni na kama 12 kwenye makaa. Halafu Julai 2021, tukiwa bado hatujapona Corona, ushuru ukarudi, asilimia 16 nzima. Mwaka uliofuata ukapunguzwa hadi 8, na 2023 ukaondolewa tena. Sasa wewe jiweke kwenye viatu vya yule mama aliyejikaza akanunua mtungi 2020. Mwaka mmoja baadaye bei inampiga kofi. Alirudi kwangu. Nilimkaribisha, nilikuwa na njaa pia.

Mafuta taa nayo yana stori yake. Septemba 2018 yaliwekewa ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita, ili wafanyabiashara waache kuyachanganya na dizeli. Nia ilikuwa nzuri. Lakini aliyekuwa akipikia stovu ya mafuta taa hakupewa kitu mkononi badala yake. Aliyekuwa na uwezo alihamia gesi, na asiye nao akashuka ngazi, akarudi kwa makaa na kuni.

Ndiyo maana nasema ukitaka kujua hewa ya Isiolo itakuwaje mwaka ujao, usiangalie angani. Angalia bei ya gesi, bei ya ng'ombe na mvua.

Nani anaumeza

Moshi hauendi kwa kila mtu sawasawa. Dereva wa lori anaacha wake nyuma, anaenda zake. Mwenye gari anapandisha kioo. Lakini mwanamke anayekaanga nyirinyiri anakaa juu ya sufuria masaa, anageuza nyama mpaka ikauke vizuri, na kila pumzi anayovuta ni ile inayotoka chini ya sufuria. Mtoto mgongoni anavuta hiyohiyo, na mapafu yake ni madogo na anapumua haraka kuliko mamake.

Kitu kinachoumiza zaidi katika moshi hukioni. Ni chembe ndogo mno, zinazoitwa PM2.5, nyembamba mara nyingi kuliko unywele wako. Vumbi la kawaida la Isiolo, ambalo tunalo la kutosha, sehemu kubwa yake linanaswa puani na kooni. Chembe hizi zinapita, zinafika ndani kabisa ya mapafu, nyingine zinaingia kwenye damu. Zinaleta nimonia kwa watoto, na kwa wakubwa ugonjwa wa moyo, kiharusi, saratani ya mapafu. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba moshi wa ndani ya nyumba uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020 pekee, na zaidi ya 237,000 kati yao ni watoto wa chini ya miaka mitano. Mwaka 2021 shirika hilo lilishusha kiwango salama cha chembe hizo kwa mwaka kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo. Karibu kila mtu duniani, 99 kati ya 100, anavuta hewa iliyozidi viwango vya WHO.

Na usidanganyike na makaa kwa sababu yakishika vizuri hayatoi moshi wa kuonekana. Yanatoa gesi ya kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu. Usilale na jiko ndani hata kama ni baridi ya Julai. Unaweza usiamke.

Sisi watu wa huku tumeishi na moshi vizuri, sikatai. Vibuyu vya maziwa tunavifukiza kwa vijinga vya miti maalum, ndiyo maana maziwa yetu yana ile ladha na hayaharibiki haraka. Ule ni moshi unaojua kazi yake na unajua kuondoka. Huu wa sasa umehamia, umejenga.

Suluhisho mbili za uongo

Ya kwanza ni ya kufunga. Piga marufuku makaa, shika wachomaji, kamata pikipiki. Tumeona. Mwanzoni mwa 2018 gavana wa Kitui wakati huo, Charity Ngilu, alipiga marufuku biashara ya makaa katika kaunti yake. Februari mwaka huohuo serikali kuu ikasimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, marufuku iliyodumu zaidi ya miaka mitano mpaka Rais Ruto alipotangaza kuiondoa Julai 2023. Je, Nairobi iliacha kupika? Bei ya gunia ilipanda, na makaa yakatafuta njia nyingine. Sisemi miti isilindwe. Kwa tanuri zetu za udongo, kilo moja ya makaa inakula kilo tano mpaka kumi za kuni. Hiyo ni hasara hata kwa anayechoma. Ninachosema ni kwamba ukifunga mlango wa makaa bila kufungua wa kitu kingine, umepandisha tu bei ya uji wa maskini.

Ya pili ni ya kuvumilia. Eti moshi ni dalili ya maendeleo, Ulaya walipitia, nasi tupitie. Sawa, tuangalie walivyopitia. Desemba 1952, London ilifunikwa na moshi wa makaa ya mawe kwa siku tano. Kwanza ilihesabiwa vifo kama 4,000, utafiti wa baadaye ukasema huenda vilifika 12,000. Hawakusema haya ndiyo maendeleo. Mwaka 1956 walipitisha sheria ya hewa safi, na sehemu muhimu ya sheria ile ilikuwa kusaidia nyumba kugharamia majiko yasiyo na moshi. Soma hapo tena. Hawakuwaambia watu waache kuota moto. Walibadilisha kinachochomwa, na serikali ikachangia gharama.

China nayo, ambayo miji yake ilikuwa ikizama kwenye moshi, ilianza mpango mkali mwaka 2013. Kufikia 2020 chembe za PM2.5 zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya thuluthi moja, na uchumi uliendelea kukua. Kwa hivyo kupata na moshi havijafungwa kamba moja milele. Kamba inakatika, lakini haikatiki yenyewe.

Hata hapa kwetu imewahi kukatwa. Petroli ya Kenya ilikuwa na risasi, ile madini ya sumu inayoharibu akili za watoto. Iliondolewa 2006, na hakuna matatu iliyokwama kwa sababu hiyo. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zikaanza kutumia dizeli yenye salfa kidogo zaidi. Wewe na mimi hatukuhisi chochote, lakini mapafu yetu yalihisi.

Upepo wa jirani

Kuna jambo linaniuma kila nikilifikiria. Stima ya Kenya ni kati ya stima safi zaidi duniani. Karibu asilimia 90 inatokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria, maji, upepo na jua. Na upepo wenyewe uko wapi? Kwa jirani. Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, tunayopakana nayo, kuna mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310, iliyozinduliwa rasmi Julai 2019. Umeme ule unasafiri zaidi ya kilomita 400 mpaka Suswa. Unapita Kaskazini kama mgeni asiyekaribishwa chai, huku Kaskazini ikichemsha chai kwa kuni.

Sisemi yule mama ahamie jiko la stima kesho, wakati stima yenyewe inapotea mvua ikitisha. Nasema usikubali mtu akuambie nchi haina nishati safi. Ipo. Tatizo ni inakofika na namna inavyouzwa.

Swali la kupeleka bajeti

Sasa sikia, hapa ndipo nataka uweke simu chini kidogo ufikiri.

Fungua Katiba, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili. Kuzuia uchafuzi wa hewa ni kazi ya kaunti. Si ya Nairobi, si ya Umoja wa Mataifa. Na mbele kidogo palepale, usambazaji wa stima na gesi umewekwa kwenye mipango ya kaunti. Kifungu cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi na salama. Tunachangamka sana kuuliza kaunti kuhusu barabara na basari, na ni sawa. Lakini lini umesikia kijana akisimama kwenye kikao cha maoni ya bajeti akauliza, "Mwaka huu mmetenga shilingi ngapi kwa hewa?"

Na ukiuliza, uwe na la kuomba. Haya ndiyo ningeomba mimi.

Gesi inunuliwe kama makaa, kwa mkebe. Nairobi tayari kuna kampuni zinazoweka mtungi ndani ya nyumba na mita juu yake, unalipa kwa simu hata shilingi 50, ikiisha inakata. Teknolojia ipo, na tofauti ya Nairobi na Isiolo kwa M-Pesa ni nini? Kaunti ikichangia ule mzigo wa mtungi wa kwanza, wanaouza nyirinyiri na mahamri waanze, kwa sababu wao ndio wanaomeza moshi mwingi zaidi na ndio wanaochoma mwingi zaidi.

Kuwe na ukaguzi wa wauzaji gesi. Watu wanaogopa mtungi, na hofu hiyo haikutoka hewani. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori la gesi lililipuka Embakasi, katika kituo cha kujazia kisichokuwa na kibali, watu wakafa ndani ya nyumba zao. Na mradi wa serikali wa Mwananchi Gas, uliokuwa uletee maskini mitungi ya bei nafuu, ulikwama baada ya mitungi mingi kukutwa na kasoro. Ukitaka watu waiamini gesi, iwe ya kuaminika.

Hewa ipimwe. Kifaa kimoja hospitalini, kimoja karibu na stendi ya malori, matokeo yawekwe wazi. Leo nikisema hewa imechafuka na afisa aseme haijachafuka, sote tuna maoni tu.

Takataka zizolewe. Gari la taka lisipokuja, plastiki inachomwa, na ule ndio moshi wenye sumu kuliko yote mtaani. Hapo hatuhitaji mtambo, tunahitaji ratiba.

Na anayechoma makaa apewe kitu cha kufanya. Msinifanyie semina. Mfugaji akipata njia ya kurudisha mifugo yake baada ya ukame, mti utapumzika wenyewe. Nimekaa nao kando ya ile barabara, sijakutana na hata mmoja aliyesema ndoto yake ilikuwa kuchoma makaa.

Wakati tunangoja, fanya yale ya bei ya bure. Pikia nje au karibu na dirisha, mtoto akae mbali na jiko. Kausha kuni. Loweka maharagwe usiku, funika sufuria, makaa yatapungua. Ukinunua jiko, tafuta lenye udongo ndani, linakula makaa kidogo kuliko la bati tupu. Hizi hazitasafisha hewa ya Isiolo, lakini zinaweza kumpa mtoto wako usiku mmoja wa kulala.

Mimi niliacha pikipiki. Sasa nachapa kazi za watu kwenye duka la kompyuta na usiku naandika. Mpwa wangu ana nafuu, ingawa kukiwa na vumbi na moshi pamoja ile filimbi inarudi. Dada ana mtungi wa kilo 6. Chai na uji ni gesi, maharagwe na githeri bado ni makaa, na mwisho wa mwezi yote ni makaa. Siwezi kumlaumu. Siku hizi makaa yale anayanunua kwa kijana mwingine, mdogo kuliko mimi, ambaye pia aliacha shule.

Kikao kijacho cha maoni ya bajeti nitakuwa nimeketi viti vya nyuma. Swali langu nimeshaliandika kwa karatasi. Kijana yule nimemwambia aje pia, nitamlipia mauzo ya siku hiyo. Na wewe uje.